Vipepeo Wanne wa Siku ya Mvua ya Mawe

Anderlecht, Jumamosi jioni

Mwanangu Shemsa,

Kwa kawaida barua huanza kwa kuulizana hali, lakini nitakuulizaje hali wakati nakusikia hapo chumba cha pili ukivuta selotepu na kugombana na sanduku? U mzima, hilo nalisikia. Mimi pia mzima. Nimekaa mezani, jua bado liko kwenye madirisha ya jengo la mbele. Ulipopita kuchukua mkasi ukaniuliza naandika nini, nikakujibu ni orodha ya vitu vya sokoni. Nimekudanganya tena, na ningependa iwe mara ya mwisho.

Mambo ya sweta, dawa ya kikohozi na nani wa kumpigia simu ukipotea njia hutayakuta humu. Shangazi yako wa Toulouse amenieleza yote kwenye simu mara tatu, na mara zote kadi ya simu iliisha kabla yeye hajaisha. Atakulisha mpaka ukimbie. Mimi nina jambo moja tu la kukuambia, na nimelizunguka miaka mitano.

Nilidhani leo nitalia. Maman Zaituni wa ghorofa ya tatu alikuja mchana na boksi la leso za karatasi, akaliweka katikati ya meza. "Maman Shemsa, lia tu, c'est normal," akaniambia. Tukakaa naye nusu saa tukingoja nilie. Hakikutoka kitu. Mwishowe tukanywa chai, na alipoondoka akalichukua boksi lake.

Unanijua. Moyo wangu ulikufa ganzi siku nyingi, na wewe ndiye uliyelazimika kuishi na ganzi hiyo. Uliwahi kuniambia kwamba kukaa na mimi ni kama kukaa na mtu anayengoja basi. Nilicheka, nikawasimulia watu. Mimi kila kitu nakifanyia mzaha, na mzaha mmoja ndio unaonifanya niandike leo.

Jina la Papillon, Shemsa, nililianzisha mimi.

Unalijua, wanakuita hivyo, kipepeo, kila unaposema jambo gumu kuaminika. Mwezi uliopita tulikuwa kwa kaka yangu, Tonton Issa, tunakula. Ukasema umepata nafasi ya masomo Toulouse. Tonton Issa akaweka kijiko chini.

"Eh bon! Papillon! Toulouse ya wapi hiyo? Leta barua tuione, alors."

Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Wewe hukubishana. Uliinuka, ukaenda kwenye mkoba wako, ukaitoa barua ya chuo ikiwa kwenye bahasha ya plastiki, ukaiweka kati ya sahani za pilau. Tonton Issa akaisoma. "Tiens, ni kweli," akasema, kisha akarudi kwenye habari zake za kompyuta zitakazozimika mwaka 2000. Ukaenda kuosha vyombo.

Hapo ndipo nilipokutazama vizuri. Una miaka kumi na minane na huendi popote bila ushahidi. Unahifadhi tiketi za metro ili uonyeshe ulikuwa wapi. Ukiniambia mwalimu amekusifu, unanionyesha na daftari kabla sijauliza. Watu wanasema mtoto wa Hawa ana utaratibu sana. Mimi najua huo si utaratibu.

Ili unielewe inabidi nirudi nyuma kidogo, tulipofika hapa ukiwa na miaka kumi. Watu wetu wa Bujumbura waliotupokea pale Gare du Midi walitupa makoti na ushauri. Makoti yalikuwa makubwa. Ushauri ulikuwa mmoja, na kila mtu aliurudia: kwenye fomu za hawa watu usiache kisanduku kitupu. Ukiacha kitupu watasema unaficha kitu. Ukisema hujui, watasema hukuwepo. Jaza, Hawa, jaza chochote, lakini jaza.

Fomu ikauliza habari za baba yako. Jina, kazi, na tarehe ya kufariki. Unakumbuka alibaki kufunga duka, akasema atatufuata baada ya wiki mbili. Kisha jirani akaja na habari kwamba hayupo tena. Siku gani, hakujua. Nani alimwona mwisho, hakujua. Nilikaa mbele ya kile kisanduku na yule karani ananingoja. Nikaandika tarehe kumi na nne ya mwezi uliotangulia, kwa sababu kalenda yake ya ukutani ilikuwa inaonyesha kumi na nne. Akainakili bila kuinua kichwa.

Na tangu siku hiyo kila mwaka tarehe kumi na nne tunamsomea baba yako hitima. Wajomba zako wanakuja, mimi napika, wewe unasoma Yasini kwa ile sauti yako nzuri. Tarehe ile niliitunga, mwanangu. Hakuna mtu duniani anayejua siku yake. Nadhani ganzi ilianzia pale, maana nilipoandika sikuhisi kitu, nikashangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Sasa nakuja kwa Madame Godelieve, yule mwalimu mstaafu wa jiografia niliyekuwa namhudumia nyumbani kwake, kumwogesha, kumpikia supu na kumvisha zile soksi zake za kubana. Wewe ulimpenda kwa sababu alikuruhusu kugusa vitabu vyake. Kwa miaka mingi alikuwa akihesabu vipepeo kwa ajili ya chama kimoja cha watu wanaopenda viumbe. Hawalipwi. Kila mmoja ana kipande chake cha njia, na cha Madame kilikuwa ule mteremko wa kando ya reli, karibu na mfereji, pale penye magugu ya miiba. Baridi ikianza kuondoka, kila wiki unatembea hatua mia tatu kwa mwendo uleule, unaandika umeona kipepeo gani na wangapi. Fomu zinakwenda chamani, wanaziweka pamoja na za watu wengine, na hapo wanaona vipepeo wa safari wanavyopanda kutoka kusini, mji kwa mji, wiki kwa wiki.

Alikuwa na jarida lenye picha za Amerika, watoto wa shule wakifanya kazi hiyohiyo kwa vipepeo wakubwa wa rangi ya chungwa wanaotoka Mexico. Wa huku anaitwa belle-dame. Anatoka Afrika, kule juu, anavuka bahari na milima mpaka hapa kwenye mvua. "Kama nyinyi," Madame alisema, akafurahi sana na maneno yake. Nikamjibu kwamba sisi tulikuja kwa ndege.

Magoti yake yalipogoma akaniomba nitembee badala yake. Alinieleza fomu kwa uvumilivu wa mwalimu: ukitembea usione kitu, andika sifuri; usipotembea, piga mstari. Akaniambia sifuri ni habari kubwa, kwamba bila sifuri za wiki zilizopita hawawezi kujua mgeni amefika lini. Nikaitikia, oui Madame, oui Madame. Nilisikia kwa masikio tu. Nilipoona ile karatasi yenye visanduku mkono wangu ulijua kazi moja, kuvijaza.

Wiki ya kwanza nilitembea, sikuona hata mmoja, nikaandika weupe wawili. Nilimwonea huruma, mtu anangoja wiki nzima halafu umpelekee sifuri. Wiki ya pili nilitembea, sikuona, nikaandika mmoja. Baadaye miguu ilichoka, nikaacha hata kwenda. Nilikuwa najaza fomu pale salon-lavoir, mashine ikizungusha mashuka yetu. Nilikuwa mwangalifu, sikuzidisha. Kitu nilichosahau ni kutazama nje. Siku moja mvua ya mawe ilipiga Brussels nzima, mimi niko ndani na kelele za mashine, nikaandika vipepeo weupe wanne.

Katikati ya wiki hizo ipo moja ambayo ni yako. Ilikuwa Jumatano mwanzoni mwa Aprili, mchana hamna shule, na mimi nilikuwa nimelala kwa maumivu ya mgongo. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Ukachukua fomu, penseli na kitabu cha Madame, ukaenda mteremkoni peke yako. Ulirudi ukipanda ngazi mbiombio, nikakusikia tangu ghorofa ya kwanza.

"Maman! Nimemuona! Belle-dame, maman, ni yeye!"

"Kwa baridi hii?"

"Alikua kwa jiwe, anaota jua. Mais maman, amechakaa! Bawa moja limekatika-katika, na rangi imeisha, iko comme thé au lait."

Nikafungua kitabu. Kwenye picha anang'aa, rangi ya chungwa kali, ncha nyeusi, madoa meupe. Nikakuonyesha. Ukaitazama picha, ukatikisa kichwa.

"Ya kitabu ni mpya. Yangu imechoka."

Kisha ukaandika moja kwenye kisanduku, ile moja yako inayolala upande. Na mimi, niliyekuwa bingwa wa kutunga vipepeo katika Anderlecht yote, nilijua palepale kwamba hukutunga. Anayetunga hutunga wa kitabuni. Hakuna anayebuni kipepeo aliyechanika.

Mwezi Juni akaja yule bwana wa chama, jikoni kwa Madame, na faili lake. Mimi na wewe tulikuwa tunamenya karoti za supu. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Akaiweka fomu mezani, akagusa kisanduku kwa ncha ya kalamu. Siku hii, akasema, ilinyesha mvua ya mawe, na hapa kuna vipepeo wanne. Akashuka kidogo. Na hapa kuna belle-dame, mapema kuliko kwa mtu mwingine yeyote wa upande huu. Nani aliyekuwa anaandika?

Karatasi zetu za ukimbizi zilikuwa hazijajibiwa bado. Akilini nilimwona yule karani mwingine, meza nyingine, na ile tarehe kumi na nne. Nikajiambia, wakinikamata kwa fomu hii watakwenda kuifungua ile. Nakueleza nilichofikiri, sikutetei nilichosema. Nilisema, "Ni mtoto, Monsieur. Mtoto ndiye alikuwa anajaza. Unajua watoto."

Kisu chako kilisimama kwenye karoti. Kisha kikaendelea.

Bwana yule akakutazama kwa wema, akasema akili ya kubuni ni kitu kizuri ila mahali pake si hapa. Akapiga mstari wa penseli kutoka kona hadi kona, msimu wote. Madame akanitazama mimi. Alikuwa amesoma orodha zangu za dukani muda mrefu, anajua ninavyoandika saba zangu na nne zangu. Aliuliza supu iko wapi. Mpaka alipohamia nyumba ya wazee hakunitajia tena vipepeo, wala hakukunyima vitabu.

Kwenye tramu ulikaa dirishani. Tulipopita daraja la mfereji ukasema, polepole, bila kunigeukia:

"Maman, miye niliandika moja tu."

Nikasema, "Tushuke, tumefika." Hatukuwa tumefika. Vilibaki vituo viwili, tukavitembea kwa miguu, wewe mbele mimi nyuma. Hujanitajia tena tangu siku ile. Ningefurahi ungenipigia kelele hata mara moja.

Na kama hilo halikutosha, ikaja Idi. Watu wamejaa kwa Tonton Issa, mtu mmoja akakuuliza, Shemsa, yule Madame wako na wadudu wake hajambo? Nikaona umefungua mdomo. Nikaogopa. Nikaruka mbele yako nikasema, "Huyu? Huyu muongo! Anaona vipepeo kwenye mvua ya mawe!" Nikaisimulia kwa mikono na macho, unajua ninavyojua kusimulia. Watu walishika mbavu. Kabla ya sahani kuondolewa ulikuwa umekwisha kuwa Papillon. Niliwachukua hata wale wanne wangu nikakuvika wewe.

Jumatano hii nilikuambia nakwenda kwa daktari wa meno. Nilikwenda ofisini kwa chama, nyuma ya yale majengo marefu ya Gare du Nord. Bwana yule amestaafu. Nilimkuta msichana wa nywele fupi, hakuelewa kwa nini mwanamke wa makamo amekuja kuungama habari za vipepeo wa miaka mitano iliyopita. Alidhani nataka cheti. Mwishowe akaleta boksi, na karatasi ilikuwemo, na mstari wake. Akaniuliza ipi kweli na ipi uongo. Nikamwonyesha kwa kidole, moja moja. Wiki kumi na nne, kumi na tatu nilikuwa nimezitunga.

Tulipofika kwenye moja yako nilimwambia kama ulivyoniambia, bawa lililokatika-katika, rangi ya chai ya maziwa. Akaacha kuandika. Akasema wanaofika mapema huwa hivyohivyo, safari imewala, na wale wanaong'aa huzaliwa hapa baadaye. Akauliza kwa nini mtoto hakulisema hilo wakati ule.

"Hakuulizwa," nikamjibu.

Hawezi kuirudisha kwenye hesabu yao. Fomu iliyojaa uongo wa mtu mmoja haiwezi kuaminiwa nusu, ndivyo alivyoniambia, na mimi sina la kumpinga. Ila ameandika pembeni kwamba mtoto alisema kweli na mama ndiye aliyetunga. Akanipa kalamu nitie sahihi, nikatia. Nikasimama nikingoja nihisi kitu, aibu au nafuu, chochote. Hakikuja. Nikapanda metro nikarudi kukupikia maharage.

Kwa hiyo sitakuandikia kwamba machozi yanalowesha karatasi hii. Ningeweza, maneno ninayo. Ningekuwa najaza kisanduku. Nimejitafuta ndani jioni yote na nimekuta sifuri, basi naandika sifuri. Pengine mwezi wa kumi na moja nitakuwa kwenye foleni ya mkate, nianze kulia mpaka wanipishe mbele. Nitakupigia simu siku hiyo. Lakini usiisome vibaya sifuri yangu. Nakupenda, Shemsa. Hilo sijawahi kulitunga, hata siku nilizokosa kulionyesha.

Sina hekima ya kukufungia kwenye sanduku. Nimejifunza kwa kuchelewa kwamba mtu anaweza kusema "sijui" na paa lisimwangukie. Hata karatasi zetu, zilipojibiwa, hakuna aliyeniuliza tena habari ya kisanduku kile. Nilikuuza kwa hofu ya kitu ambacho hakikuja. Na huko Toulouse mtu akikuuliza ulikuwa wapi, mwambie tu ulikuwa wapi. Usimwonyeshe tiketi. Asiyekuamini bila tiketi mwache aende zake.

Kesho watakuja wote kukusindikiza, Tonton Issa, Maman Zaituni, wajomba na watoto wao. Ni Jumapili, soko la Gare du Midi litakuwa limejaa, tutasukumana na wauza machungwa mpaka ndani. Na kwenye jukwaa la treni, najua kama ninavyojua jina langu, Tonton Issa atapaza sauti: Papillon, usituletee uongo wa Toulouse! Nimekusudia kumjibu hapohapo, mbele ya watu. Nitawaambia nani aliyetunga na nani aliyeona.

Ila najijua. Nikizungukwa na watu mdomo wangu hutafuta mzaha kwanza. Ukiona nimeanza kuchekesha, usicheke kuniokoa kama unavyofanya siku zote. Toa barua hii uwasomee, kuanzia jikoni kwa Madame. Ile tarehe ya baba yako iruke, hiyo ni yetu wawili, na habari ya hitima tutaiamua ukirudi. Nimeandika kwa Kiswahili chepesi na herufi kubwa, asiwepo hata mmoja wa kusema hakuelewa. Soma kwa sauti, kabla milango haijafungwa, na usiache hata nikikushika mkono.

Mama yako,
Hawa